Saa Moja na Dakika Tano za Usiku

Mimi ni mtu wa hasira za karibu, na nalisema hili mapema ili asiwepo wa kudhani kwamba katika habari hii nilikuwa mpole. Nilikuwa na miaka thelathini na sita. Tisa kati ya hiyo nilikuwa nimeitumia nyuma ya dawati la kampuni ndogo ya ndege za kukodi jijini Dar es Salaam, nikiwakatia abiria tiketi. Nilitoka nyumbani Misugusugu, Kibaha, alfajiri, nikarudi Misugusugu giza limeshaingia, na katikati ya hapo niliwaandikia watu wengine safari zao. Nikipata nafasi, na mshahara ukiruhusu, nilikwenda upande wa pili wa uwanja kujifunza kuruka. Nilianza taratibu, watu wakacheka, wakachoka kucheka, na hatimaye nikafika mahali ambapo kilichobaki kilikuwa mtihani wa kuruka wa leseni ya rubani wa biashara.

Rubani hutunza kitabu tangu siku ya kwanza ya kujifunza. Humo huandika kila safari: tarehe, ndege, alikotoka, alikokwenda, saa aliyoondoka, saa aliyorudi, dakika ngapi zilikuwa za mchana na ngapi za usiku, alikuwa na mwalimu au peke yake. Bila kitabu hicho, hata uwe fundi wa namna gani, mbele ya sheria hujawahi kupanda. Mwalimu wangu alitaka tuandike kwenye karatasi, kwa wino, siku ileile. Mwaka wa kwanza niliandika. Baadaye nikapata programu ya simu inayofanya kazi hiyo yote, nikamwambia mwalimu kwamba kitabu cha karatasi ni cha watu wanaopenda kuonekana wana shughuli. Hakubishana nami. Aliniambia niandike vyote viwili, nikasema ndiyo, na kitabu nikakitupa kwenye droo ya nguo, kikalala humo miezi kumi na minne.

Programu ile ilikuwa tamu. Ukiiwasha ndani ya ndege, yenyewe ilijua umeondoka saa ngapi na umetua saa ngapi, ikajumlisha, ikapiga hesabu ya jua na kuweka mchana kwake na usiku kwake. Mwisho wa mwezi mwalimu alitia sahihi kwa kidole juu ya kioo. Jambo moja tu lilitaka uangalifu. Marubani duniani kote huandika kwa saa za pamoja, wanazoziita Zulu, na hizo ziko nyuma ya saa zetu za Afrika Mashariki kwa saa tatu. Ilipojaza programu yenyewe, haikukosea. Nilipojaza mimi kwa mkono, ilinibidi nikumbuke.

Mtahini niliyepangiwa alikuwa rubani mstaafu aliyejenga Pangani, hii Pangani yetu ya Kibaha, ambako siku hizi alilima mihogo na kufuga kuku wa mayai. Alikuwa na utaratibu wake. Kabla ya siku ya kuruka, mtahiniwa humpelekea kitabu nyumbani, naye hukisoma chote kwa rula, mstari kwa mstari. Alhamisi alinipigia simu: mtihani ni Jumatatu asubuhi, kitabu nimpelekee Jumapili alasiri. Nikamjibu kwa kujiamini kwamba changu kiko kwenye simu, naweza kumtumia sasa hivi. Akasema hana ugomvi na simu, sheria yenyewe inaziruhusu, ila yeye husoma karatasi iliyoandikwa kwa mkono wa mwenyewe. Kama siwezi, niseme mapema awapishe wengine.

Nilikata simu nikampa majina ambayo siwezi kuyaandika hapa. Lakini kumwambia siwezi, hapana. Kampuni yetu ilikuwa na kiti kimoja cha rubani msaidizi, na bosi alikuwa ametamka wazi kwamba kitakwenda kwa mwenye leseni ifikapo mwisho wa mwezi. Tuliokitaka tulikuwa wawili: mimi, na mwenzangu mmoja aliyesomea nje ya nchi, ambaye leseni alikuwa nayo tayari mfukoni. Bosi alinitaka mimi kwa sababu ya ile miaka tisa, wala hakulificha. Ila asingesubiri. Na mtahini, baada ya Jumatatu ile, alikuwa anasafiri kwenda kwa watoto wake kwa wiki sita.

Ijumaa jioni nikakaa kitandani Misugusugu na simu mkono huu na kitabu mkono huu, nikaanza kunakili miezi kumi na minne. Baada ya mistari kumi nilikuwa nimeruka miwili. Jicho likitoka kwenye simu kwenda kwenye kitabu, likirudi linakuta mstari mwingine. Nikafunga kila kitu kwenye mkoba, na Jumamosi asubuhi nikaenda Kisarawe kwa baba.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na kila aliyekulia kwenye nyumba ya mwalimu anajua mwisho wa muhula ulivyokuwa. Alama za wanafunzi hazinakiliwi na mtu mmoja. Mmoja husoma, mwingine huandika, kwa sababu hilihili la jicho. Tangu nikiwa darasa la nne nilikuwa msomaji wake. Nilisoma jina, nikasoma alama, yeye akaandika kwenye ripoti, na nikisoma haraka alinipiga kwenye ugoko kwa kidole cha mguu chini ya meza. Sasa nilikuja kumwomba tubadilishane: yeye asome, mimi niandike. Alifurahi kuliko nilivyotegemea. Alikwenda kutafuta miwani, akafuta meza ya uani ambayo mama alikuwa ameshaifuta, akaketi.

Akasoma mstari wa kwanza. Simu ilionyesha sifuri nne na dakika kumi, naye kama mtu mwingine yeyote wa nchi hii akasoma saa kumi na dakika kumi alfajiri. Akasimama hapo. Aliniuliza ni watu gani hao wanaompandisha mtoto wa kike hewani kabla ya adhana ya alfajiri. Nikamweleza habari ya Zulu: ongeza tatu kwenye tarakimu, unapata saba, na saba ndiyo saa moja yetu ya asubuhi.

"Sasa mzunguko wote huo wa nini," alisema. "Toa tatu. Nne toa tatu, saa moja. Sita toa tatu, saa tatu. Umemaliza."

Nikajaribu kichwani, nikaona ni kweli. Miezi kumi na minne nilikuwa nikiongeza tatu kwa vidole, kisha nikiigeuza tarakimu ya saa za ofisini kuwa saa ya Kiswahili, hatua mbili, na mzee aliyeiona programu ile kwa mara ya kwanza akaimaliza kwa hatua moja kabla chai haijapoa. Nilijisikia mjinga, na papo hapo nikajisikia fahari ya kuwa na baba kama huyo. Sikumwambia lolote kati ya hayo mawili.

Tulikwenda vizuri. Alisoma kwa ile sauti yake ya alama, kila tarakimu imesimama peke yake, na kila baada ya mstari akasubiri kalamu yangu inyanyuke. Alikuwa pia na maoni. Safari ya Mafia ilimkera, kwa kuwa nilikaa chini dakika ishirini tu, akataka kujua kama wenyeji hawakunikaribisha hata maji. Siku niliyotua mara nane katika uwanja uleule aliona ni upotevu wa mafuta. Mama alipita na ndoo, akasikia, akasema kumbe kazi yenyewe ni kupanda na kushuka tu. Tuliacha kwa ajili ya Adhuhuri na chakula, tukarudi mezani.

Mstari ulioleta balaa ulikuwa katikati ya ukurasa. Alisoma tarehe, nikaandika. Akasoma, "Kumi na sita kamili. Toa tatu, kumi na tatu, saa moja usiku. Peke yako. Kwenda Kisarawe na kurudi. Saa moja na dakika tano, zote za usiku." Mimi nilikuwa nimeandika tarehe peke yake, nikisubiri arudie taratibu kama alivyofanya kwa mistari mingine. Hakurudia. Alivua miwani.

"Hii haikuwa usiku," alisema.

Nikamwambia simu haikosei.

"Tarehe hiyo ilikuwa arobaini ya jirani yangu. Ulinipigia jana yake ukasema kesho alasiri utakuwa juu yetu. Tumeswali Alasiri, watu wamekula, nikawaambia msiondoke, binti yangu anapita. Ukapita. Ukalaza bawa ukazunguka mara mbili hapo juu. Jua lilikuwa linapiga kwenye mabati mpaka tukakinga macho."

Akaanza kunitajia waliokuwepo, mmoja mmoja, mpaka waliokuwa wanaosha sahani, na mimi nilikuwa nimeshaacha kusikiliza kwa sababu nilikuwa nimekumbuka. Usiku wa kuamkia siku ile umeme ulikatika Misugusugu, simu ikaniishia chaji uwanjani kabla sijapanda. Niliruka nikitumia saa ya mkononi. Jioni nyumbani nikajaza safari mwenyewe. Kichwani nilikuwa na saa kumi, na saa kumi ya jioni kwa tarakimu ni kumi na sita, nikaandika kumi na sita kwenye kisanduku kilichotaka Zulu. Simu, kwa utiifu wake, ikaichukua kuwa saa moja usiku huku kwetu, ikahamishia safari nzima gizani, na mwisho wa mwezi mwalimu akatia sahihi bila kugundua. Nilipaswa kuandika kumi na tatu. Kutoa tatu, kwa maneno ya baba, nilisahau.

Kwa safari nyingine yoyote lingekuwa kosa la kucheka. Lakini leseni ile hudai saa tano za usiku, na simu yangu ilikuwa ikinionyesha saa tano na dakika ishirini. Kwa miezi kadhaa nilikuwa nikiitazama hesabu hiyo kila ninapopata wasiwasi, kama mtu anavyogusa mfuko kuhakikisha funguo zipo. Nikitoa ile saa moja na dakika tano, zinabaki saa nne na robo.

Nikamweleza baba yote: mtihani, kiti, mwisho wa mwezi, mtahini anayesafiri. Nikamweleza kwamba siwezi kukimbia leo jioni nikaruka kufidia, kwa sababu mwalimu wangu yuko Mafia mpaka Jumatatu asubuhi na bila yeye sipewi ndege usiku. Aliuliza zimepungua dakika ngapi. Nikamwambia arobaini na tano.

"Kipindi kimoja na dakika tano," alisema. Vipindi vya shule yake vilikuwa vya dakika arobaini.

Kuku walikuwa wanachakura karibu na miguu yetu na hakuna aliyewafukuza. Kisha mimi nikainama nikaandika kama simu ilivyosema. Kumi na sita kamili. Kumi na saba na dakika tano. Mchana, kistari. Usiku, moja na dakika tano. Kwa wino. Baba alikuwa anautazama mkono wangu wakati wote. Nikamwambia asome mstari unaofuata, akavaa miwani akausoma, na mingine yote akaisoma mpaka Magharibi, ila maoni yake juu ya safari zangu yalikuwa yamekwisha.

Nililala Kisarawe, nikalala na hasira. Nilimkasirikia mtahini na rula yake, nikalikasirikia shirika la umeme, nikamkasirikia hata marehemu jirani kwa kufa kwa hesabu ya kunifikishia arobaini yake siku ile. Nilimkasirikia baba kwa kumbukumbu yake. Wazee wenzake wanasahau walikoweka bakora, yeye anakumbuka jua lilikuwa linapiga wapi.

Asubuhi alinisindikiza mpaka kwenye kijiwe cha bodaboda. Alitembea taratibu kuliko kawaida, na kabla hatujafika akasimama kando ya njia, akageukia upande wa migomba ya watu kana kwamba anazungumza nayo.

"Nimefikiri," alisema. "Macho yangu si yale ya zamani. Na ndege zinazopita hapa ni nyingi. Inawezekana siku ile haikuwa wewe."

Nikamwita, "Baba."

"Nisikilize. Kama haikuwa wewe, basi mimi sijui chochote. Ulichoandika kinabaki kama kilivyo."

Ili mtu aelewe nilichosikia, inabidi ajue baba ni nani. Huyu ni mtu ambaye mwalimu mkuu aliwahi kumfuata nyumbani ili mtoto wa mkubwa mmoja aongezewe alama mbili, baba akamnywesha chai, akamrudisha na alama zilezile. Sijawahi kumsikia akisema amekosea, si kwa mama, si kwa mtoto, si kwa serikali. Na ile ndege juu ya mabati ilikuwa habari yake kubwa. Alikuwa ameisimulia msikitini, sokoni, kwa fundi cherehani, kwa watu waliokuwepo na kuiona wenyewe. Sasa alikuwa ananirudishia, asubuhi, njiani, ili uongo wangu upate mahali pa kukaa.

Nilipanda bodaboda nikasahau hata kumuaga vizuri, yeye ndiye aliyesema niende salama. Njia nzima ya vumbi sikuona kitu. Niliona aibu mpaka masikio yakawaka, na nilipofika Maili Moja nilisimama mbele ya duka la vocha kwa muda mrefu hadi muuzaji akaniuliza nataka ya shilingi ngapi.

Pangani nilifika alasiri kama nilivyoambiwa. Mtahini alikuwa barazani, amevaa kandambili, mikono ina harufu ya pumba za kuku. Nikamwamkia, "Shikamoo Kapteni," akaitikia, akaniketisha, mkewe akaleta chai na mihogo ya kuchemsha. Akafuta mikono, akachukua kitabu na rula, akaanza. Aliweka rula chini ya kila mstari, akausoma kimya, akaishusha. Mara mojamoja aliniuliza jambo: upepo ulikuwaje siku ile, kwa nini nilirudi mapema siku hii. Nilijibu. Hakuwa na haraka na hakuwa mkali, na hilo lilinitesa zaidi.

Rula ikafika kwenye mstari wangu. Ikakaa. Ikashuka.

Alipomaliza alirudi kwenye jumla za mwisho, akazihakiki kwa kalamu ya risasi pembeni, akaona saa za usiku zinatosha. Alisema nina mwandiko mzuri, nani alinifundisha. Nikasema baba yangu. Akasema kumbe simu haikunidhuru, akavuta ile fomu ambayo bila sahihi yake Jumatatu haipo, akafungua kalamu ya wino.

"Kapteni," nilisema, "kuna mstari mmoja si wa kweli."

Hakuinua kichwa mara moja. Aliuliza upi. Nikamfungulia ukurasa, nikamwonyesha, nikamweleza habari ya chaji, ya kumi na sita na kumi na tatu. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza nimejuaje, baada ya miezi yote hiyo, kwamba ilikuwa mchana.

"Baba yangu aliniona. Alikuwa uani kwake."

Akautazama ule mstari tena.

"Sisi wazee tunachanganya siku," alisema. "Ana hakika ilikuwa wewe?"

Sijui mpaka leo kama alikuwa ananipima au ananihurumia. Ninachojua ni kwamba ilikuwa mara ya pili siku hiyohiyo kufunguliwa mlango uleule, na mara hii aliyeufungua alikuwa na kalamu mkononi. Nilikuwa nasikia kuku wake nyuma ya nyumba. Ningesema tu kwamba mzee mwenyewe ameanza kuwa na mashaka. Isingekuwa hata uongo, alikuwa ameniambia hivyo asubuhi kwa mdomo wake.

"Ana hakika," nilisema.

Akanipa rula. Aliniambia nikate mstari mmoja mwembamba juu ya maandishi ili yaendelee kusomeka, niandike yaliyo sahihi juu yake, nitie sahihi. Nikafanya. Akajumlisha upya safu ya usiku, taratibu, na nilijua atakachokipata kabla hajakipata. Akaifunika kalamu yake.

"Kesho hatutaruka," alisema.

Nitakuwa mkweli mpaka mwisho. Nilikuwa nimetegemea kitu. Nilipokuwa nafungua mdomo, kwenye pembe moja ya moyo nilijua kabisa kwamba mtu akisema ukweli mchungu namna ile, mtahini humtazama kwa macho mapya, hutikisa kichwa, akasema dakika arobaini na tano ni nini kwa mtu mwaminifu kama wewe. Hakusema hivyo. Alisukuma sahani ya mihogo upande wangu na kuniambia atarudi baada ya wiki sita, nimpigie. Nikala vipande viwili kwa hasira. Ilikuwa mihogo mizuri.

Mwisho wa mwezi kiti kikaenda kwa mwenzangu. Bosi aliniita akanieleza kwa adabu, nikamjibu kwa adabu, nikaenda chooni nikalia, nikanawa uso, nikarudi kwenye dawati na kuandika jina la mwenzangu kwenye ratiba ya safari yake ya kwanza. Zile dakika arobaini na tano niliziruka wiki iliyofuata, jioni moja tulivu, nikiwa na mwalimu wangu. Mtahini aliporudi alinipima siku nzima, nikafaulu. Kiti kingine kilipatikana baada ya mwaka na miezi miwili, na ndicho ninachokikalia sasa.

Wenzangu wa kazini hubishana kila mara kuhusu kitabu cha simu na kitabu cha karatasi, na hunitazama wakidhani nitakuwa upande wa karatasi. Siko huko. Karatasi niliidanganya kwa wino, mchana kweupe, na ikanyamaza kama simu ilivyonyamaza. Ninaandika vyote viwili, siku ileile, na kila mwisho wa mwezi namtafuta mtu anisomee kwa sauti.

Lakini jioni ile ya Jumapili, kabla ya hayo yote, nilikuwa na simu moja ya kupiga. Nilipiga nikiwa natembea kutoka Pangani kuelekea barabara kubwa. Baba alipokea kabla haijalia mara ya pili. Nikamwambia mtahini hatanipima kesho. Akaelewa bila kuuliza.

"Ningenyamaza tu," alisema. "Nimekuharibia."

Nikamwambia hajaharibu kitu. Nikamwambia siku ile ilikuwa mimi, asije akasema tena kwamba haikuwa mimi, kwa yeyote, hata kwangu.

"Na wewe uliniona?" aliuliza.

Hakuwahi kuniuliza hivyo kabla, na nadhani alikuwa amekaa na swali hilo tangu siku ya arobaini. Ukweli ni kwamba sikumwona. Nilikuwa nafanya zoezi la kona kali, peke yangu, macho yakitoka kwenye upeo wa macho kwenda kwenye kipimo cha kimo na kurudi. Sikulaza bawa kwa ajili ya mtu. Kutoka juu kule mabati ya Kisarawe yote ni mamoja, na hata leo siwezi kuapa kwamba nilipita juu ya nyumba yetu na si ya mtaa wa pili.

"Nilikuona, baba," nilimwambia. "Ulikuwa umevaa kanzu."

Nikamsikia akiondoa simu sikioni, akimgeukia mama: "Kaiona mpaka kanzu."